Kabla ya simiti, daftari la majina

SWALI: Mimi ni katibu wa chama cha wakaazi hapa Kahawa West, Nairobi. Kwa sababu tuko karibu na kambi, mtaa wetu umejaa wanajeshi wastaafu, na vijana watatu waliokulia hapa walifia Somalia. Wanachama wanataka tujenge mnara pale stejini kabla ya Oktoba, na mwakilishi wadi ameahidi simiti. Wengine wanasema hizo pesa afadhali wapewe wajane. Tena kuna mabishano: marehemu mzee mmoja alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la mkoloni, mwingine alikuwa msituni na Mau Mau, na wa tatu alitolewa jeshini mwaka wa 1982. Nani aingie, nani asiingie? Na siku gani inafaa? Tafadhali tueleze tuanzie wapi.

JIBU: Dada katibu, salamu kwako na kwa wanachama wako. Mwambieni mheshimiwa asante, na simiti yake aiweke kando kwanza. Sisemi mnara ni kitu kibaya. Nasema mmeanza na kitu ambacho hufaa kuja mwisho, tena kwa haraka ya kuwahi Oktoba. Kinachotakiwa sasa ni daftari, kalamu na watu wawili wenye subira. Bila orodha ya majina iliyohakikiwa, huo mnara utakuwa wa nani?

Nairobi yenyewe ina funzo lake kuhusu jambo hili, na kulifuata ni nauli ya matatu tu. Shukeni mjini mwende Kenyatta Avenue, pale penye zile sanamu tatu za shaba ambazo watu huzipita kila siku bila kuinua macho: askari wa Keya, mpagazi, na askari wa Kiarabu mwenye bunduki. Ziliwekwa mwishoni mwa miaka ya 1920. Chini yake kuna maandishi kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Yanawakumbuka wenyeji waliopigana katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, na wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, kisha yanatoa ahadi kwamba anayepigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Ni maneno mazito. Sasa zungukeni jiwe hilo pande zote mtafute jina la mtu mmoja tu. Hamtalipata.

Msidhani fundi alisahau. Tume ya makaburi ya vita ya wakati ule na watawala wa koloni waliona kwamba kwa Waafrika wengi, na kwa wapagazi hasa, sanamu moja ya pamoja ilitosha. Mwaka 2021 tume hiyohiyo, ambayo sasa ni Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ilichapisha ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, na pengine hata kufikia 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni Aprili mwaka huo. Zaidi ya miaka mia moja ilikuwa imepita, na waliostahili kuombwa radhi hiyo walikuwa wameshazikwa, wao na watoto wao.

Na hasara haikuwa ya heshima peke yake. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Mishahara yao ilibaki kwenye vitabu vya serikali kwa sababu mtu alikuwa ameandikwa kwa jina moja lililosikika vibaya na karani, bila baba, bila kijiji kinachoeleweka. Warithi wakasemekana hawapatikani, na fedha hizo hazikuzifikia familia. Leo Kariokor ni soko la vyondo na nyama choma, na wengi wanaokula pale hawajui kwamba mtaa ule ulipata jina kutokana na kikosi cha wapagazi hao. Basi mkinisikia nang'ang'ania daftari, ndipo ninapotoka.

Halafu siku nyingine wachukueni vijana wenu mwende kwenye makaburi ya vita ya Barabara ya Ngong, kando ya msitu. Pale wamelala karibu watu 2,000 wa Vita vya Pili vya Dunia, na karibu kila mmoja ana jina lake, nambari yake ya jeshi, cheo, kikosi na tarehe. Waafrika, Waingereza na wengine. Wasiotambulika ni wachache mno. Vijana watazame mpangilio wa maandishi yale, kwa sababu ndio huohuo nitakaowapa ninyi: jina, nambari, cheo, kikosi, tarehe. Anayetaka kujua habari za babu yake aliyefia Burma au Madagascar anaweza pia kutafuta jina kwenye tovuti ya tume hiyo bila kulipa chochote.

Sasa daftari lenyewe. Msipitishe karatasi kwenye kikao cha chama watu waandike wanaowakumbuka. Nimeona orodha za namna hiyo: mtu mmoja anatokea mara mbili kwa majina tofauti, na mwingine aliye hai kule Kitengela anawekwa kati ya marehemu. Chagueni watu wawili, mmoja awe mwanajeshi mstaafu anayeheshimika na mwingine awe mama ambaye milango ya mtaa humfungukia. Waende nyumba kwa nyumba, bila kamera, bila simu mkononi, na ziara ya kwanza isiwe ya kuandika chochote. Waende kupiga hodi na kueleza nia. Daftari litoke siku ya pili, familia ikiwa imeshazungumza yenyewe kwa yenyewe.

Mama mmoja wa Eastlands alinifungulia bahasha ya kaki mezani: picha ndogo ya pasipoti, cheti cha mafunzo, barua ya jeshi, na jezi ya kipa iliyokunjwa vizuri. Kwenye karatasi hizo tatu jina la mwanawe lilikuwa limeandikwa kwa njia tatu. Moja ilikuwa na jina la ubatizo mbele, nyingine ilikuwa imepoteza ile alama ya juu ya ng', na ya tatu ilikuwa na jina la babu badala ya la baba. Na mtaani hakuna aliyelijua hata moja kati ya hayo, kwa kuwa vijana wote walimwita kwa jina la golini. Nilimuuliza tuandike lipi. Akasema andika lile la jeshi, kisha chini yake lile la golini, maana wenzake wakisoma la jeshi peke yake hawatajua ni yeye. Tangu hapo kila orodha ninayosaidia huwa na nafasi mbili, jina la vyeti na jina la mtaa, na familia husoma herufi moja moja na kutia sahihi kwamba ndivyo.

Mwandike nini tena? Mahali alipozaliwa, shule aliyosoma, mwaka alioingia jeshini, kikosi, mahali na tarehe ya kufa, na mahali alipozikwa. Hilo la mwisho lina uzito wake hapa Nairobi. Wengi wetu mji huu ni wa kuishi, wa kuzikwa ni nyumbani. Vijana wenu watatu nina hakika hawakuzikwa Kahawa West. Wamelala Siaya, Nandi, Kitui au kwingineko, na huko walipigiwa mizinga na kukabidhiwa bendera, wakati marafiki waliokua nao hapa walichangia basi na wengine wakakosa hata nafasi ya kusimama ndani yake. Kwa hiyo mtaa hauna kaburi, na msijaribu kutengeneza kaburi la bandia. Mlicho nacho ninyi ni ujana wao: darasa walilokaa, uwanja waliochezea, kanisa au msikiti wao. Kumbukumbu yenu iegemee huko.

Idhini ni jambo la kukaa nalo. Kisheria na kibinadamu, marehemu ana mke na ana mama, na hawa wawili hawakubaliani siku zote. Pengine mjane alihama zamani, kodi ya nyumba ya Nairobi haingoji mtu amalize matanga, na pengine ameolewa tena. Mtafuteni hivyohivyo. Msije mkaweka jina kwa neno la mama peke yake, halafu mjane akaliona kwenye picha ya WhatsApp. Na familia ikisema hapana, jibu ni hapana, bila kuuliza sababu. Familia nyingine zilipata habari za mtoto wao kupitia video zilizosambazwa na wauaji wenyewe kabla afisa yeyote hajabisha hodi. Kwa sababu hiyohiyo, picha yoyote iliyotoka kwenye video za al-Shabaab isikaribie shughuli yenu, hata kama ndiyo inayomwonyesha kijana vizuri zaidi.

Mkifika kwa walioangukia El Adde, kambi ya wanajeshi wetu huko Somalia, nendeni polepole zaidi. Kambi ile ilishambuliwa alfajiri ya tarehe 15 Januari 2016. Ibada kubwa ilifanyika Eldoret siku chache baadaye, marais wa Kenya, Nigeria na Somalia wakiwepo, lakini serikali haikutangaza hesabu kamili ya waliokufa wakati ule, na kwa baadhi ya familia mwili ulichelewa sana au hapakuwa na mwili wa kuona. Mama anayengoja bado anangoja. Waluo wana desturi ya kuzika tunda la yago mahali pa mwili usiopatikana, na Waluhya wengi hutumia mgomba, lakini si kila familia imefika hapo. Kama haijafika, msiliweke jina kwenye orodha ya marehemu. Liwekeni kwenye ukurasa wake, chini ya neno "Hawajarudi", mkishawauliza wenyewe kama wanaridhia.

Nije kwenye mabishano yenu, maana nadhani ndiyo yaliyokufanya uandike.

Mnabishana Keya na Mau Mau kana kwamba ni watu wa kabila mbili. Waruhiu Itote alipigana Burma ndani ya Keya, akarudi, akaingia msituni, na nchi ikamjua kama Jenerali China. Bildad Kaggia, aliyehukumiwa Kapenguria pamoja na Kenyatta, naye alikuwa amevaa sare za Mwingereza katika Vita vya Pili. Walirudi wakakuta ardhi inagawiwa askari wazungu waliotoka vita vilevile, nao wakarudishiwa kipande, ile pasi ambayo mkoloni alimlazimisha Mwafrika kuibeba. Sasa mtu wa aina hiyo mtamweka kwenye orodha ipi?

Na walioweka silaha chini baada ya Burma wakatulia makwao hawakuwa na raha. Katika miaka ya hali ya hatari, wakati wa vita vya Mau Mau, wengi walizitupa au kuzifukia medali zao, kwa sababu kukutwa na medali ya Mfalme kungeweza kukugharimu maisha. Mfalme Charles alipokuja Kenya mwaka 2023, alikwenda makaburi ya Kariokor na kuwakabidhi wazee wachache waliobaki medali mpya badala ya zile. Walikuwa wanapita miaka tisini na kitu, wengine kwenye viti vya magurudumu.

Ushauri wangu ni huu, na ninausimamia: tengenezeni daftari moja la "Waliotumika na waliopigana", lenye sura mbalimbali, bila kupima nani shujaa zaidi ya nani. Keya wawe na sura yao, Mau Mau yao, jeshi la Kenya huru yao. Mtu aliyepita sura mbili aandikwe mara mbili. Wakiwapo polisi, GSU au polisi wa utawala waliouawa kwa mabomu ya barabarani huko Mandera, Lamu au Garissa, wafungulieni sura pia. Sijaelewa kwa nini mtu aliyekufa akilinda mpaka uleule dhidi ya adui yuleyule aachwe nje kwa sababu ya rangi ya sare.

Kuna mtu atasimama aseme Mau Mau wana siku yao na mnara wao. Ni kweli, ule wa Uhuru Park ulizinduliwa Septemba 2015, na sanamu ya Kimathi imesimama katikati ya mji tangu 2007. Lakini hiyo ni ya taifa. Mzee wenu hajaandikwa popote. Mwingine atanong'ona kwamba babu wa fulani alikuwa homgadi, mlinzi aliyekuwa upande wa mkoloni dhidi ya Mau Mau. Hapo mwenyekiti anywe maji kwanza. Daftari lenu si mahakama, na babu huyo kama familia yake haijaomba aingie, hakuna hoja mezani.

Yule wa 1982 ndiye mgumu zaidi. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti mosi mwaka ule, Jeshi la Anga lilivunjwa lote, likaundwa upya kwa jina jingine. Wengi walifungwa au kutolewa kazini, wakiwemo waliokuwa vitandani mwao asubuhi ile. Siwezi kukuamulia kutoka huku. Ninachoweza kusema ni kwamba kama alivaa sare kwa miaka kadhaa kabla ya hapo, miaka hiyo ni kweli, na inaweza kuandikwa kama ilivyo: aliingia mwaka fulani, akatoka mwaka fulani. Msimwite shujaa wala msimwite mhaini. Wanawe wakiikubali sentensi hiyo, imekwisha.

Kuhusu pesa na wajane: tenganisheni mifuko. Mkichanganya mchango wa mnara na wa wajane, mtagombana kabla ya mvua za vuli. Tena msikisie kwamba kila mjane ni maskini. Familia ya mwanajeshi aliyefia kazini ina haki zake kwa sheria, na wengine wameshalipwa. Wengine wamekwama kwa karatasi moja tu, cheti cha ndoa ya kienyeji ambacho hakikuandikwa, au mama mkwe aliyewahi mbele. Shida ya namna hiyo haimalizwi na elfu kumi ya harambee. Humalizwa na mtu anayejua kuandika barua na kufuata faili. Katika mtaa wenye makarani wastaafu wa jeshi kama wenu, watu hao hawakosi. Jumamosi moja kila mwezi wekeni meza na viti viwili kwenye ukumbi wa kanisa au wa chama, na makarani hao wawasaidie wajane na wazee na fomu zao za pensheni na matibabu. Mimi naiona meza hiyo kuwa heshima kubwa kuliko jiwe lolote. Na chondechonde, msimpe mjane bahasha mbele ya hema zima huku kamera zikimwandama.

Mzee wa Keya ameshafariki, lakini ulizeni kama mjane wake yupo. Kuna shirika la zamani la Jumuiya ya Madola, lililoanzishwa mwaka 1921, ambalo husaidia waliotumikia jeshi la Uingereza kabla ya uhuru pamoja na wajane wao, na hapa Kenya njia ya kulifikia ni chama cha wanajeshi wa zamani, DEFOCA, ambacho wazee wengi bado wanakiita Kafoca. Wastaafu wenu watajua ofisi iliko, na huenda baadhi yao ni wanachama.

Siku gani? Mna nne za kuchagua. Tarehe 14 Oktoba ni siku ya majeshi ya Kenya, inayoadhimishwa tangu 2012, mwaka mmoja baada ya jeshi kuvuka kuingia Somalia. Tarehe 20 Oktoba ni Mashujaa. Jumapili ya pili ya Novemba ndiyo ya Jumuiya ya Madola, ambayo huadhimishwa pale Barabara ya Ngong kwa mashada na tarumbeta. Na kuna tarehe 15 Januari, siku ya El Adde. Ile ya Novemba inafuata kunyamaza kwa bunduki za Ulaya tarehe 11 mwaka 1918, lakini huku kwetu vita viliendelea, Mjerumani Lettow-Vorbeck akaja kujisalimisha tarehe 25, mahali ambapo leo ni Zambia. Kwa hiyo sina mapenzi nayo sana kwa shughuli ya mtaa. Januari karo zimebana kila mtu. Mimi ningechukua Jumamosi iliyo karibu na 14 Oktoba. Tarehe 20 yenyewe ina faida moja ya kuchekesha, kwamba wanasiasa wote wanakuwa kwenye sherehe ya taifa, lakini hata hema za kukodi siku hiyo huwa shida. Na si lazima iwe mwaka huu. Kama daftari halijakamilika, ahirisheni.

Shughuli isizidi saa moja. Wazee hawawezi jua la saa saba, na mama aliyefiwa hawezi hotuba. Wastaafu wakae mbele, kwenye kivuli, na familia za walioanguka wakae nao, si kwenye safu ya "wageni waalikwa" nyuma ya waheshimiwa. Padri au mchungaji na imamu waombe kwa ufupi. Majina yasomwe na wanafunzi wa shule walizosoma marehemu, waliofanyishwa mazoezi ya kuyatamka na familia zenyewe. Kila jina lifuatwe na sentensi moja tu, kama vile "Alidaka mpira, alizaliwa 1989, alikufa Januari 2016." Kisha ukimya wa dakika mbili. Si lazima mpate mpiga tarumbeta wa jeshi. Bendi ya Jeshi la Wokovu ina vijana wanaopuliza vizuri sana, na mkiwaomba mapema hawasumbui. Mtoto au mjane anayetaka kuvaa medali za marehemu azivae kifuani upande wa kulia, kwa kuwa kushoto ni kwa mwenyewe aliyezipata. Wastaafu wenu watawaonyesha, na watafurahi kuulizwa.

Mwakilishi wadi aje, na aketi. Kwenye ratiba iliyochapishwa, jina lake liwe chini ya "Kuweka shada", lisiwe chini ya "Hotuba". Mwambieni hivyo wiki mbili kabla, kwa barua. Akikasirika, mmejua thamani ya ile simiti.

Mambo ya sheria ni machache lakini yasirukwe. Mkutano wa hadhara unataka taarifa ya maandishi kwa OCS, mkuu wa kituo cha polisi, siku zisizopungua 3 na zisizozidi 14 kabla ya siku yenyewe. Tajeni mahali, saa, na kama kutakuwa na maandamano kutoka shuleni hadi uwanjani. Chifu apate nakala. Mtu asiye mwanajeshi asivae sare za jeshi wala kitu kinachofanana nazo, kwani ni kosa na watu hukamatwa kwalo. Wanajeshi ambao bado wako kazini msiwatangaze kwa majina wala vikosi kwenye mabango au mitandaoni. Na msirushe shughuli moja kwa moja kwenye Facebook. Picha ziwekwe baadaye, familia zikishaziona.

Sasa mnara. Stejini, hapana. Sehemu kubwa ya steji zetu iko kwenye hifadhi ya barabara, na siku greda ya kaunti au ya barabara kuu itakapopita, haitauliza majina yaliyoandikwa hapo ni ya nani. Nendeni kwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi waliyosoma wengi wao, muombe bodi ya shule ukuta mmoja, ndani ya lango, mahali watoto wanapopanga mstari asubuhi. Ruhusa iwe kwa maandishi na iwe kwenye kumbukumbu za kikao cha bodi, kwa sababu mwalimu mkuu huhamishwa. Msitumie shaba wala chuma. Biashara ya vyuma vikuukuu mnaijua, ilifika mahali serikali ikaisimamisha Januari 2022 baada ya milingoti ya stima kukatwa. Kibao cha shaba chenye majina kitakaa wiki moja. Tumieni jiwe lililochongwa ndani, herufi zipakwe rangi, na nusu ya chini iachwe tupu.

Kabla fundi hajagusa jiwe, chapisheni maandishi yote kwenye karatasi kubwa ya ukubwa uleule, muibandike ukutani hapo kwa mwezi mzima, na tangazo la nambari ya simu ya katibu kwa anayeona kosa. Simu zitakuja: herufi imepotea, mwaka si huo, mbona fulani hayupo. Jiwe likishachongwa, hizo simu hazitakuwa na dawa. Na daftari lenyewe liwe na nakala tatu, moja kwa chama, moja kwenye maktaba ya shule, na moja mpeleke kuulizia kama Jumba la Kumbukumbu za Taifa pale Moi Avenue watalipokea.

Mkitaka jeshi lenyewe liwakilishwe, barua iandikwe kwa Wizara ya Ulinzi, Ulinzi House, Hurlingham, na nakala ipelekwe kambini Kahawa kwa mkono wa mstaafu wenu wa cheo cha juu kabisa. Ambatanisheni orodha iliyotiwa sahihi na familia, muombe waihakiki kwa nambari za jeshi. Iombeni hiyo kwanza. Bendi na mgeni wa heshima viombwe kwenye aya ya pili.